Kata bima korosho zinapouzwa, usisubiri homa ya mvua

Mtwara na Lindi fedha na maradhi haviji mwezi mmoja. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo ya wakulima huingia benki hadi kuelekea Januari. Mvua zikishakolea, malaria na kuhara hupanda, na wakati huo fedha imeshakwenda kwenye palizi, sare za shule na madeni ya dukani. Anayelipa papo kwa papo, utaratibu ulioanza katika hospitali za serikali mwaka 1993, hudaiwa akiwa mkavu. Bima humwezesha kulipa mapema, mfukoni kungali na kitu.

Kwa mtumishi wa umma hilo halina mjadala. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, hupata asilimia 6 ya mshahara wake: 3 anakatwa yeye, 3 anatoa mwajiri. Mkulima na mvuvi hawana mshahara wa kukatwa. Kwa ajili yao ulikuja Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kuboreshwa mwaka 2018 kwa mchango uliokuwa wakati huo shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Ndiyo kusema ilikuwa shilingi 5,000 kwa kila mtu, au kilo 15 za korosho kwa kaya nzima hata bei ikiwa shilingi 2,000 tu. Sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, inayomtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, kwa hiyo kabla ya kulipa muulize mwandikishaji au mtendaji wa kijiji kiwango cha mwaka huu.

Hesabu ya mfuko inahitaji wazima. Kaya 100 zikitoa 30,000 kila moja, zinapatikana shilingi 3,000,000, na mgonjwa mmoja wa kulazwa hautikisi mfuko. Lakini wakijiunga kaya 10 tu, zote zenye wagonjwa wa presha na kisukari, shilingi 300,000 zitakwisha kabla msimu haujageuka. Kwa sababu hiyo skimu nyingi huweka muda wa kusubiri kati ya kulipa na kuanza kutibiwa. Uliza tarehe hiyo, kisha iandike pamoja na tarehe ya kadi kwisha. Wengi hugundua kadi imekufa wakiwa tayari dirishani.

Makosa mengi hufanyika siku ya kuandikishwa. Familia zetu ni kubwa: bibi yumo, wapwa wamo. Mtu wa saba hayumo kwenye kadi, hata mkila chungu kimoja. Mtoto wa miaka minne husahaulika kwa kuwa walio chini ya miaka mitano wana msamaha wa kulipia matibabu; akitimiza mitano katikati ya mwaka, msamaha umekwisha na kadini hayumo. Msamaha huo, kama ule wa wajawazito, ni wa vituo vya serikali. Ukimpeleka Ndanda au Nyangao, ambako hospitali ni za misheni, uliza kwanza.

Kadi ya CHF huanzia zahanati ya kijiji. Kutoka hapo unapanda kwa barua ya rufaa: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya mkoa, yaani Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. CHF huishia hapo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara, ni ngazi nyingine. Anayeruka zahanati na kwenda moja kwa moja Ligula kwa kikohozi atalipa taslimu, na mhudumu atakuwa hajamwonea. Dharura, kama ajali au uchungu uliokwama, haisubiri barua.

Tatizo linalokera zaidi ni kuambiwa dawa hakuna. Mara nyingine bohari haina. Mara nyingine kituo hakina fedha ya kuagiza, kwa sababu madai yake ya malipo kwa mfuko wa bima yamekataliwa: ugonjwa ulioandikwa haulingani na dawa iliyotolewa, au saini haipo. Mwanachama wa NHIF hutia saini fomu ya madai. Asome kwanza vipimo na dawa zilizoorodheshwa, wala asisaini fomu tupu kwa kuharakishwa.

Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko chini ya halmashauri. Dawa zikikosekana mara kwa mara, anza na kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ina wajumbe wanakijiji, kisha Mganga Mkuu wa Halmashauri. Ligula na Sokoine ziko chini ya Wizara ya Afya, na malalamiko yake hupokelewa na Mganga Mfawidhi wa hospitali husika.