Fedha za Taito Foo: nani huamua shule ipi ipate fidla na ipi ipate mshauri nasaha

Wazazi Waswahili hapa Marekani huniuliza swali hili mara kwa mara: kwa nini shule ya mtoto wa jirani ina kilabu cha roboti na mwalimu wa muziki, ya mwanangu haina, ilhali zote ziko chini ya wilaya moja? Jibu la haraka ni kwamba kuna mtu aliyeandika hitaji la shule ile mapema mwaka huu, na hakuna aliyeandika la shule yako. Jibu refu ndilo linalonilipa mshahara. Mimi ni mratibu wa ruzuku za serikali kuu katika wilaya moja ya shule ya ukubwa wa kati, na sehemu kubwa ya siku zangu huishia kwenye majedwali ya bajeti.

Kwanza, kwa wasomaji walioko nyumbani: wilaya ya shule ya huku siyo wilaya ya mkuu wa wilaya. Ni chombo kinachojitegemea, chenye bodi yake (mara nyingi ya kuchaguliwa kwa kura), bajeti yake, na katika majimbo mengi uwezo wa kutoza kodi ya majengo. Fedha nyingi za shule hutoka kwenye kodi hiyo na kwenye hazina ya jimbo. Serikali kuu ya Washington, katika mwaka wa kawaida, huchangia karibu sehemu moja ya kumi, wakati mwingine chini ya hapo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Washington ndiyo inayoendesha shule za Marekani, mwulize ameziona wapi hizo fedha.

Ruzuku ninayotaka kuieleza imo kwenye Sura ya Nne, Sehemu A, ya sheria kuu ya elimu ya mwaka 1965, ile aliyoisaini Rais Lyndon Johnson. Sheria hiyo imefanyiwa marekebisho mara nyingi. Marekebisho makubwa ya karibuni yalisainiwa na Rais Barack Obama Desemba 2015 na hujulikana kwa kifupi kama ESSA (Every Student Succeeds Act). Humo Kongresi ilikusanya ruzuku kadhaa ndogo ndogo na kuzifanya fungu moja la kusaidia wanafunzi na kupanua masomo yao. Ofisini tunaliita Taito Foo Ei tu (kwa Kiingereza Title IV-A, yaani hiyo Sura ya Nne, Sehemu A), au Taito Foo ukiwa na haraka.

Ahadi ilikuwa kubwa kuliko pochi. Sheria iliruhusu dola bilioni 1.65 kwa mwaka wa fedha 2017, Kongresi ikatoa milioni 400. Zilikuwa kidogo kiasi kwamba majimbo yaliruhusiwa kuzishindanisha kwa wilaya badala ya kuzigawa kwa fomula. Mwaka uliofuata zikapanda hadi bilioni 1.1, na kufikia 2023 zilikuwa karibu bilioni 1.38. Ukizigawa kwa majimbo 50 na maelfu ya wilaya, kila mmoja anabaki na kidogo.

Mgawo wenyewe unafuata umaskini. Jimbo hupata kwa kadiri ya mgao wake wa Sura ya Kwanza, ambayo ndiyo ruzuku kubwa ya watoto wa familia zenye kipato cha chini, na angalau asilimia 95 ya fedha hizo lazima zishuke wilayani kwa uwiano uleule. Sheria inasema wilaya isipate chini ya dola 10,000, fedha zikitosha. Wilaya ndogo za vijijini nyingi hukaa karibu na hapo, na dola 10,000 kwa Marekani hazimlipi mwalimu hata robo ya mwaka. Ndiyo maana sheria inaziruhusu kuungana na kuomba kwa pamoja, ingawa kuunganisha wakurugenzi wanne kwenye meza moja ni kazi nyingine.

Mpaka unaobadilisha mambo ni dola 30,000. Ukipata chini ya hapo, unaahidi kutumia fedha katika angalau eneo moja kati ya matatu, basi. Ukifika 30,000 au kupita, masharti yanaanza. Lazima ufanye tathmini ya kina ya mahitaji, na uirudie angalau kila baada ya miaka 3. Asilimia 20 au zaidi iende kwenye masomo mapana: muziki, sanaa, sayansi na uhandisi, historia, lugha za kigeni, ada za mitihani ya kiwango cha chuo kwa watoto wasio na uwezo. Asilimia 20 nyingine au zaidi iende kwenye usalama na afya: ushauri nasaha, kuzuia uonevu, dawa za kulevya, afya ya akili, michezo. Halafu kiasi fulani, hata kiwe kidogo, kiende kwenye matumizi bora ya teknolojia.

Hapo kwenye teknolojia ndipo walimu wakuu wengi huchanganyikiwa. Wanasikia teknolojia, wanafikiria vishikwambi. Lakini katika fedha utakazotenga kwa teknolojia, zisizozidi asilimia 15 ndizo zinazoweza kununua vifaa, programu na miundombinu. Tuseme baada ya kuondoa fungu la shule binafsi (nitalifikia) na gharama za utawala, ambazo haziruhusiwi kupita asilimia 2, umebaki na dola 60,000. Elfu 12 angalau ziende masomo mapana, elfu 12 angalau ziende usalama na afya. Zinabaki 36,000 za kupanga utakavyo, mradi teknolojia isiambulie sifuri. Ukiipa 8,000, vifaa haviwezi kuzidi dola 1,200. Hivyo ni vishikwambi vitatu au vinne. Dola 6,800 zinazobaki ni za kuwafundisha walimu namna ya kufundishia kwa vifaa ambavyo tayari wanavyo. Mimi naliunga mkono sharti hili bila kusita. Nimeona makabati yaliyojaa kompyuta ambazo hakuna mwalimu aliyeonyeshwa la kufanya nazo.

Sasa turudi kwenye tathmini, maana humo ndimo mtoto wako anamopata au anamokosa.

Kazi huanza Januari au Februari. Tunakusanya takwimu za utoro, za kusimamishwa masomo, za wanafunzi wanaomwona muuguzi wa shule, majibu ya dodoso la wanafunzi kuhusu kama wanajisikia salama, na orodha ya masomo yanayotolewa kila shule. Orodha hii ya mwisho huonekana kavu, lakini kwangu ndiyo inayosema mengi. Ukiweka shule zako kwa mistari na masomo kwa safu, utaona mwenyewe ni shule ipi ina aljebra darasa la nane na ipi haina, wapi kuna okestra na wapi kuna kinanda kimoja kilichofunikwa kitambaa. Kisha tunatengeneza jedwali lenye safu nne: hitaji, ushahidi, shughuli, kipimo. Kitu kisichokuwa na mstari kwenye jedwali hilo hakina fedha, hata kama mwalimu mkuu anakitamani vipi.

Sheria inataka jedwali hilo lijazwe kwa kushauriana na wazazi, walimu, wanafunzi, walimu wakuu, wataalamu kama wanasaikolojia wa shule, mashirika ya jamii na, panapohusika, makabila ya wenyeji wa asili. Kiutendaji wanakuja wachache walewale. Katika miji yenye wakimbizi wengi wa Kongo, mfano Louisville na Lexington kule Kentucky, Kiswahili ni moja ya lugha zinazosemwa zaidi majumbani mwa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, lakini kwenye mikutano ya namna hii viti vya Waswahili huwa vitupu.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Bukavu. Alikaa kimya nusu saa, kisha akauliza kwa nini mwanawe aliambiwa okestra ni bure halafu akaletewa fomu ya kukodi fidla dukani. Hakuna aliyekuwa na jibu zuri. Tulipofuatilia, tukakuta shule mbili ambazo watoto wanaojiandikisha kwa ala za nyuzi huanza wengi na kupukutika kabla ya Novemba, na waliobaki ni wale ambao wazazi wao wanamudu kukodi. Hilo likaingia kwenye safu ya hitaji, takwimu za kupukutika zikaingia kwenye ushahidi, na ununuzi wa fidla ukaingia kwenye shughuli. Fidla za robo tatu, kwa sababu watoto wa darasa la sita wengi mikono yao haijafikia ile kubwa. Kila moja ikabandikwa kibandiko chenye namba, ikaingizwa kwenye daftari la mali.

Kabla ya kuzinunua nilipaswa kujibu swali ambalo mkaguzi angeniuliza: je, fedha hizi zinaongeza, au zinaziba pengo la fedha zenu wenyewe? Katika ruzuku hii wakaguzi hukudhania vibaya katika hali tatu. Kama unalipia kitu ambacho sheria nyingine tayari inakulazimisha kukitoa. Kama mwaka jana ulikilipia kitu hichohicho kwa fedha za wilaya. Au kama unawapa watoto wa mpango huu huduma ambayo wengine wanapewa kwa fedha za wilaya. Ni juu yako kuthibitisha kwamba siyo hivyo. Kwa fidla ilikuwa rahisi, maana wilaya haikuwahi kununua hata moja.

Kwa mkalimani ni kinyume kabisa. Mwaka hadi mwaka kuna mwalimu mkuu anayeniomba alipe mkalimani wa Kiswahili wa kikao cha wazazi kwa fedha za Taito Foo. Siwezi kukubali. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inaibana wilaya iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo hilo ni deni la wilaya yenyewe. Mzazi mwenzangu, ukiambiwa kwamba hakuna mkalimani kwa sababu ruzuku imekwisha, jua kwamba ruzuku haikuhusika tangu mwanzo.

Fungu la shule binafsi huwashangaza wengi. Wilaya lazima iziulize shule binafsi zisizo za faida zilizomo ndani ya mipaka yake kama zinataka kushiriki, zikiwemo za makanisa na za Kiislamu. Zikikubali, mgawo wao huhesabiwa kwa idadi ya wanafunzi: wakiwa 900 kati ya jumla ya 9,000, asilimia 10 ni yao. Ila shule yenyewe haishiki hata senti. Wilaya ndiyo inayonunua huduma, vifaa vinabaki mali ya umma, na kinachofundishwa kwa fedha hizo kisiwe cha dini. Madrasa ya jioni haimo humu. Shule kamili ya Kiislamu yenye darasa la hesabu imo, na sijui kwa nini nyingi haziitikii barua zetu.

Kuna mlango wa nyuma. Wilaya inaruhusiwa kuhamisha fedha zote za Taito Foo kwenda ruzuku nyingine, kwa mfano Sura ya Kwanza, na zikishahama zinafuata sheria za huko zilikokwenda; zile asilimia 20 mbili zinayeyuka. Kwa wilaya yenye dola 11,000 na mhasibu mmoja, naelewa. Kwa wilaya yenye laki kadhaa, naona ni njia ya kukwepa mazungumzo kuhusu muziki na afya ya akili, maana fedha zikiingia Sura ya Kwanza kwa kawaida huishia kwenye kusoma na hesabu.

Siasa nazo haziko mbali. Baada ya mauaji ya shuleni Uvalde, Texas, Kongresi mwaka 2022 iliongeza dola bilioni 1 kupitia sura hiihii kwa ajili ya usalama wa shule, ikaweka na katazo la kununulia silaha hatari au kufundisha matumizi yake. Tafsiri ya katazo hilo ikagusa hata vilabu vya upinde na mafunzo ya uwindaji, wabunge wa vijijini wakapiga kelele, na Oktoba 2023 ikapitishwa sheria ya kuviruhusu. Kisha Julai 2025 serikali kuu ilizuia fedha za ruzuku kadhaa za elimu, hii ikiwemo, ambazo kwa kawaida hutolewa tarehe 1 Julai. Ziliachiwa mwishoni mwa mwezi huohuo. Tangu hapo, ushauri wangu kwa wenzangu wa kazi ni kutomwajiri mtu wa kudumu kwa fedha hizi pekee. Mkataba wa mwaka, vifaa, mafunzo, sawa. Mshauri nasaha ambaye watoto watamzoea, hapana, labda kama wilaya imeahidi kumbeba baadaye.

Muda wa kutumia ni mrefu kuliko watu wanavyodhani. Fedha zinazotoka Julai zinaweza kutumika hadi miezi 27, ukijumlisha mwaka wa nyongeza unaoruhusiwa na sheria, na mwisho wake ni Septemba 30. Kisichotumika hurudi hazina. Basi Agosti ikifika, ofisi nyingi hukumbuka kwamba kuna salio, na kitu chepesi kuliko vyote kununua kwa haraka ni leseni za programu za kompyuta. Kumbukumbu za vikao vya bodi hutolewa kwa umma, na ombi la ruzuku vilevile unaweza kuliomba ulione. Ukikuta humo leseni zilizonunuliwa Agosti, uliza ziko kwenye mstari gani wa jedwali la tathmini, na ni wanafunzi wangapi waliozifungua mwaka uliopita.