Uanafunzi wa Kikristo: maana yake na nafasi yake katika utume wa kanisa

Uanafunzi wa Kikristo ni maisha ya mtu aliyeamua kumfuata Yesu Kristo kwa karibu, akajifunza kwake namna ya kuishi, akakubali kurekebishwa, na akatumwa kwa wengine. Kijana anayejifunza ufundi gereji hukaa na fundi wake tangu asubuhi, hushika spana, hukosea, huelekezwa, mpaka mikono yake ijue kazi. Uanafunzi wa Injili unakwenda hivyohivyo. Mtu anaweza kuikariri nusu ya Biblia na asiwe mwanafunzi. Na bibi asiyejua kusoma anaweza kuwa mwanafunzi kwelikweli, kwa sababu kinachoangaliwa ni kama ameyashika aliyoamuru Bwana.

Mstari unaoeleza dhana hii kwa ufupi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Marko 3:14: Yesu "akaweka watu kumi na wawili, wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri." Kukaa naye na kutumwa naye viko kwenye pumzi moja. Makanisa mengi siku hizi yamevigawa. Kuna kundi la maombi, la wanaopenda kukaa miguuni pa Bwana. Na kuna kamati ya uinjilisti, ya wanaokodi spika na kupanga mkutano wa hadhara. Yesu aliwaita watu walewale kwa mambo yote mawili, na walipotumwa walirudi kwake kumsimulia waliyoyatenda, akawaambia waende faraghani wakapumzike kidogo. Wakatoka, wakarudi, wakatoka tena.

Utume nao ueleweke. Utume wa kanisa ni kushirikishwa katika kazi ambayo Mungu mwenyewe anaifanya duniani kwa njia ya Mwana wake na Roho Mtakatifu. "Kama Baba alivyonituma mimi, mimi nami nawapeleka ninyi," anasema Yesu katika Yohana 20:21. Kwa hiyo namna ya kutumwa ni ileile yake: kuhubiri, ndiyo, lakini pia kugusa wenye ukoma, kula na waliotengwa, kuwakemea wakubwa wanaowala wanyonge, kusamehe. Na Agizo Kuu la Mathayo 28 linasema "mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi," kisha linataja ubatizo, kisha "kuwafundisha kuyashika yote niliyowaamuru ninyi." Taarifa ya mwaka ya usharika huhesabu waliobatizwa na waliopata kipaimara. Hilo la mwisho, la kuyashika, halina safu kwenye fomu, na pengine ndiyo maana tunalisahau.

Afrika Mashariki ina historia inayoifundisha dhana hii vizuri zaidi ya kamusi yoyote. Mapadri Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama White Fathers, walifika Buganda, ufalme ulio katika Uganda ya leo, mwaka 1879. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa ameweka sharti ambalo leo lingewashangaza wengi: anayetaka kubatizwa apitie ukatekumeni, yaani mafundisho ya kuandaliwa kwa ubatizo, wa miaka 4. Mwaka 1882 mapadri hao waliondoka Buganda kwa sababu ya hali ya hatari, wakahamia kusini mwa Ziwa Victoria, wasirudi mpaka 1885. Kwa miaka hiyo yote hapakuwa na padri hata mmoja. Lakini waumini waliobaki waliendelea kukutana, kusali na kufundishana, hata ndani ya ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na waliporudi mapadri waliwakuta wameongezeka. Kiongozi wao mmojawapo, Joseph Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa na cheo kikubwa ikulu, aliuawa Novemba 1885 baada ya kumkemea Kabaka Mwanga kwa kuuawa kwa Askofu wa Kianglikana James Hannington. Aliyeshika nafasi yake ya kuwalea vijana ni Charles Lwanga. Alipoona kifo kimekaribia, Lwanga mwenyewe aliwabatiza wakatekumeni kadhaa, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wao walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki pamoja na Waanglikana.

Huwa tunaisimulia habari hiyo kwa sababu ya moto. Mimi naona ya kujifunza zaidi ni ile miaka mitatu kabla ya moto, pale ambapo walei, yaani waumini wasio mapadri, wengine hata ubatizo hawajapata, walibeba kanisa zima. Hilo linawezekana tu pale mtu alipofundishwa kusali mwenyewe, kusoma au kukariri Neno, na kumfundisha mwenzake. Paulo alimwandikia Timotheo kuhusu mnyororo huo katika 2 Timotheo 2:2: uliyoyasikia kwangu, uwakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine. Nawafikiria dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za ndani Saudi Arabia, nchi isiyo na kanisa hata moja la hadharani. Kama imani yao ilitegemea kwaya, mahubiri ya Jumapili na kuombewa na mchungaji, wanaikuta imekatwa pale uwanja wa ndege. Kama walilelewa kama wanafunzi, chumba kidogo cha jikoni kinatosha kuwa mahali pa sala, na wakikutana wawili siku ya mapumziko, kanisa lipo.

Nusu karne baadaye ukaja Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika kasi Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walokole, kama walivyoitwa watu wa uamsho huo, walijulikana kwa nyimbo na ushuhuda, lakini majirani walishangazwa zaidi na jambo jingine: watu walirudisha vitu walivyoiba, walilipa madeni ya zamani, waliungama kwa waliowakosea. Hayo waliyaita kutembea nuruni. Zakayo, yule mtoza ushuru aliyewarudishia aliowadhulumu, angewatambua mara moja.

Hapa ndipo inabidi kusema jambo linaloumiza. Nchi ileile ya Gahini, ambayo idadi kubwa kabisa ya watu wake walikuwa wamebatizwa, ndiyo iliyoingia katika mauaji ya kimbari mwaka 1994. Watu walikimbilia makanisani, Ntarama, Nyamata na kwingineko, wakauawa humohumo, mara nyingi na watu waliokuwa wakisali nao. Kanisa la parokia ya Nyange liliangushwa kwa tingatinga huku zaidi ya watu elfu moja wakiwa ndani, na padri wake, Athanase Seromba, alitiwa hatiani mwaka 2006 na Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha. Palikuwa na makanisa, shule za misheni, ekaristi, kwaya, maaskofu. Kwa walioua, kabila lilikuwa bwana mkubwa kuliko Kristo, na siku ya kuchagua walimtii bwana wao.

Nchi jirani, miaka mitatu baadaye, likatokea jambo ambalo naamini kila katekista na mwalimu wa shule ya Jumapili angepaswa kulijua. Burundi ilikuwa vitani tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993. Katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa nchi, Wahutu na Watutsi waliendelea kusoma pamoja, wakila pamoja na kulala bweni moja. Walezi wao hawakunyamazia chuki iliyokuwa ikizunguka nje. Vijana walipewa nafasi ya kusema waziwazi hofu na hasira zao, wakasali pamoja, wakacheza pamoja. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha walivamia bweni, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono, na 40 wakafa. Wamezikwa palepale Buta, na watu wanawaita mashahidi wa udugu.

Ujasiri wa namna ile haukuzaliwa alfajiri ile. Ulilelewa kwa miaka, mezani, uwanjani, kanisani, katika mazungumzo magumu ambayo watu wazima wengi huyakwepa. Yohana 13:35 inasema watu wote watatambua kuwa ninyi ni wanafunzi wangu mkiwa na upendo ninyi kwa ninyi. Mistari hiyo tunaisoma harusini. Buta, vijana 40 walikufa kwa ajili yake.

Sasa tulio hai. Katika kanda yetu Wakatoliki wana chombo kizuri sana, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele katika mikutano yao ya Nairobi ya 1973 na 1976. Familia chache za majirani hukutana nyumba kwa nyumba kila wiki, husoma Injili, huulizana nani mgonjwa, nani hana ada. Hapo uanafunzi una miguu. Lakini mahali pengi jumuiya imegeuka dirisha la kupata barua: mtu anahudhuria mfululizo anapotaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa, mwenyekiti anasaini, kisha haonekani tena. Wengine hufika kwa ajili ya michango tu. Lawama hii haiwahusu Wakatoliki peke yao. Madarasa ya kipaimara ya Walutheri na Waanglikana nayo huishia siku ya gauni jeupe, na makanisa ya kiroho yana maelfu waliosimama mbele kumpokea Yesu ambao hakuna aliyewatembelea wiki iliyofuata.

Fedha ni uwanja mwingine. Mwezi Machi 2018 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilifanya mkutano wake wa utume na uinjilisti Arusha, ukiwa wa kwanza wa aina hiyo barani Afrika tangu ule wa Achimota, Ghana, miaka 60 nyuma. Kutoka hapo ulitolewa Wito wa Arusha kuhusu uanafunzi. Unasema kwa ujasiri kwamba wengi leo wanaabudu mfumo wa soko kama mungu, na unaita kanisa litembee na wakimbizi na walio pembezoni, litunze uumbaji, na liwe na viongozi watumishi. Ulipaswa kusomwa katika kila usharika, hasa wakati huu ambapo mafuta ya upako na maji ya baraka yanauzwa kwa bei, na maskini anaambiwa apande mbegu ya fedha ili Mungu amfungulie. Yesu alimwambia anayetaka kumfuata ajikane, ajitwike msalaba wake kila siku. Hakumwekea bei ya kumwona.

Kwa hiyo mtu akiuliza utume wa kanisa leo uanzie wapi, ningemwambia aanze na watu watatu. Mkristo mzima katika imani awachukue wawili, wakutane kila wiki, wasome Injili moja tangu mwanzo mpaka mwisho, polepole. Kila wiki waulizane tulisoma nini, nani amelitenda, na nini kilimshinda. Karani wa ofisi ya ardhi aseme alivyoletewa kitu kidogo na alivyojibu. Mwenye duka azungumze juu ya mizani yake, mume juu ya mkono wake nyumbani, na wakati wa uchaguzi waambiane wazi kilichosemwa kwao kuhusu kabila la jirani. Wasali juu ya hayo kwa majina. Baada ya mwaka, kila mmoja atafute wawili wake.