Mfyekaji hasikii nyuki: mambo ya kukagua kabla ya kuwasha mashine

Anayefyeka kando ya barabara kwa mashine ana vizuia kelele masikioni. Injini inanguruma, na mtetemo wake ndio unaowachokoza nyuki waliojificha ndani ya kichuguu hatua chache mbele. Akija kushtuka, ameshachomwa.

Kwa hiyo zunguka eneo lote kabla ya kuwasha. Nyuki wanaoingia na kutoka hupita mstari mmoja, na ukitulia kidogo utauona. Chungulia vichuguu, matundu ya miti, makalavati na matairi yaliyotupwa. Ukikuta kundi, zungushia utepe, mwite mfugaji nyuki, kazi ihamie kwingine. Mwenzako mmoja asimame umbali wa mita 15, mahali mfyekaji anapomwona, ampungie kitambaa kukiwa na hatari. Kumpigia kelele hakusaidii.

Kagua pia mkanda wa kubebea mashine mwilini. Kile kifungo cha kuachia haraka kikivunjika, wengi hufunga kwa waya. Tafadhali, msifanye hivyo: siku nyuki wakitoka, mtu atashindwa kujinasua. Kijaribuni kila asubuhi, mwenzako akiwa ameishika mashine isianguke.

Mwiba wa nyuki hubaki kwenye ngozi pamoja na kifuko kinachoendelea kusukuma sumu, na hutoa harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wengine. Usipigane nao. Zima injini, achia mkanda, vuta shati lifunike kichwa na uso, acha macho tu, kimbia moja kwa moja hadi kwenye gari au nyumba, ufunge. Nyuki wetu hufukuza mtu mita mia kadhaa. Usijitose majini, watakungoja juu. Ukishajificha, ng'oa miiba papo hapo kwa kucha. Usipoteze muda kutafuta kibano.

Midomo ikivimba, pumzi ikibana au mtu akilegea, hata kwa mwiba mmoja, mlaze (akihema kwa shida, mkalishe). Aliyefunzwa amchome adrenalini (dawa ya sindano ya mzio mkali) miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, arudie baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Hiyo ni dozi ya mtu mzima. Vidonge vya mzio haviwezi kuchukua nafasi yake. Mpelekeni hospitali mara moja.

Aliyechomwa mara 50 au zaidi naye apelekwe, hata akisema yuko salama. Sumu nyingi huharibu misuli na figo, na mkojo wa rangi ya kahawa unaweza kuonekana saa nyingi baadaye.

Mashine iliyoachwa ifuateni giza likishaingia. Ovaroli ifuliwe kwa sabuni kabla ya kuvaliwa tena, maana harufu ile hubaki kwenye kitambaa.