Maziwa yakikuharisha, je, yanasafisha tumbo?

Wengi hapa Mwanza huamini kwamba mtu akinywa maziwa freshi kisha akaharisha, maziwa yametoa sumu tumboni. Kinachojulikana ni kingine. Sukari ya maziwa, laktosi, huvunjwa na kimeng'enya cha utumbo mwembamba kiitwacho laktasi. Kwa watu wazima wengi kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto. Laktosi isiyovunjwa huvuta maji utumboni, na bakteria wa utumbo mpana huichachua na kutoa gesi. Ndiyo maana tumbo hujaa, hunguruma, na mtu huharisha. Hakuna sumu iliyotoka.

Unaweza kujipima. Acha maziwa wiki 2, kisha asubuhi, kabla ya kula, kunywa glasi moja ya mililita 250, yenye laktosi kama gramu 12. Dalili zikija ndani ya saa chache, siku nyingine jaribu nusu glasi pamoja na chakula, au mtindi, ambao bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Kuchemsha maziwa hakuiondoi. Kalsiamu utaipata pia kwenye dagaa, kwa kuwa huliwa na mifupa yao.

Choo chenye damu ni jambo jingine kabisa: huku ziwani kichocho kipo, nenda zahanati. Na mtoto mchanga anayeharisha asiachishwe kunyonya.