Kibali na kanuni za ujenzi: vina maana gani unapokarabati nyumba?

Kwamba nyumba mpya haijengwi bila kibali, wengi wanakubali. Ubishi huja kwenye ukarabati: kiwanja changu, nyumba yangu, ukuta ninaobomoa ni wangu, mkaguzi anahusikaje?

Tuyatenganishe maneno kwanza. Kanuni za ujenzi ni masharti ya kiufundi: ngazi iweje, waya uwe mnene kiasi gani, msingi uchimbwe hadi wapi. Kibali ni ruhusa ya maandishi, ambayo mamlaka ya eneo hutoa ikiridhika kwamba mchoro wako unafuata masharti hayo. Pamoja na kibali huja ukaguzi, na kwangu mimi hapo ndipo penye faida. Karatasi ni risiti tu.

Kwa nini? Kwa sababu kasoro mbaya za nyumba hufunikwa. Chukua slabu ya ghorofa. Nondo za chini hutakiwa kuinuliwa kidogo, zikalie vipande vidogo vya zege, ili zege lizizunguke pande zote. Fundi mwenye haraka akizilaza moja kwa moja juu ya mbao, zege litamwagwa, mbao zitafunguliwa, plasta itapigwa, na kazi itapendeza. Miaka ikipita unyevu unazifikia, zinashika kutu. Chuma chenye kutu huvimba, basi slabu inaanza kupasuka kwa chini na kumeguka. Mkaguzi akifika asubuhi, kabla ya zege, anaiona kasoro kwa macho tu. Akifika jioni hana cha kuona. Ndiyo maana ukaguzi hufuata hatua: msingi kabla haujafukiwa, nondo kabla ya zege, mabomba na nyaya kabla ya plasta.

Ukuta wa kati ya sebule na jiko ni vilevile. Huenda umegawa vyumba tu, huenda umebeba ghorofa nzima, na kuugongagonga hakutoshi kukuambia. Mhandisi akiona umebeba mzigo, ataagiza boriti ya kuupokea, na mzigo wenyewe ushikiliwe kwa nguzo za muda kabla ya nyundo ya kwanza. Umeme nao una mtego wake: ukiweka waya mwembamba chini ya breka kubwa, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi kipimo chake, waya unachemka ndani ya ukuta na breka haikati, kwa kuwa kwa kipimo chake mambo ni shwari.

Kuna kanuni zinazoonekana za kipuuzi hadi uulize zimetoka wapi. Uingereza, kwa mfano, nafasi kati ya vyuma vya ukingo wa ngazi ya nyumbani haitakiwi kupitisha tufe la milimita 100. Tufe hilo linamwakilisha mtoto mdogo anayeweza kupenya hapo. Na vidato vya ngazi lazima vilingane kimo, kwa sababu baada ya vidato viwili vitatu mguu unakuwa umekwisha kukariri. Kimoja kikizidi kidogo, mtu anajikwaa gizani.

Wazo lenyewe ni la zamani. Sheria za Hammurabi za Babeli, karibu miaka 3,750 iliyopita, ziliamuru mjenzi auawe iwapo nyumba aliyoijenga ingeanguka na kumuua mwenye nyumba. London ilipoungua mwaka 1666, sheria ya mwaka uliofuata ilitaka nyumba za mjini zijengwe kwa matofali au mawe.

Kupaka rangi, kubadili vigae au kabati za jikoni kwa kawaida hakuhitaji kibali. Kugusa muundo, umeme, maji taka, au kuongeza chumba mara nyingi kunahitaji. Mipaka hutofautiana, kwa hiyo uliza mamlaka kabla ya kumwita fundi. Ndiyo, foleni inachosha na ada inauma. Lakini amri ya kubomoa hulipiwa na mwenye nyumba, na mnunuzi au kampuni ya bima siku moja inaweza kuomba karatasi za kile chumba cha nyuma.

Fundi akikuambia “kazi ndogo hii, kibali cha nini?”, mwombe aandike hivyo na atie sahihi. Halafu mtazame usoni.