Vernon: mji wa wakazi 222 na wafanyakazi maelfu

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 222 katika mji wa Vernon, jimbo la California. Sensa ya 2010 ilikuwa imekuta 112. Mji huu hauko jangwani wala juu ya milima. Uko kilomita nane hivi kusini mwa katikati ya Los Angeles, umezungukwa na vitongoji vilivyojaa watu, na una meya, madiwani, polisi wake na shirika lake la umeme. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 13. Maywood, mji wa jirani wenye kilomita za mraba tatu tu, una wakazi zaidi ya 25,000.

Mwanafunzi wa mipango miji akiziona takwimu hizo kwa mara ya kwanza hudhani kuna sifuri zilizosahaulika. Hakuna. Vernon ulipangwa tangu mwanzo uwe mji wa viwanda, na watu wa kulala humo wakaonekana kuwa kikwazo. Nauchagua kama somo la elimu ya idadi ya watu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo takwimu za idadi ya watu huwa zinalificha: hesabu ya wakazi ni hesabu ya madaraka pia. Anayehesabiwa ndiye anayepiga kura, na wapigakura wakiwa wachache mno, mji mzima unaweza kuwa mkononi mwa familia moja.

Tuanze na sheria, maana bila hiyo mambo mengine hayaeleweki. Kwetu Tanzania, mji hutangazwa na serikali kupitia waziri mwenye dhamana. California ni tofauti: wenyeji wa eneo wanaweza kuomba wenyewe wawe mji, na wakishakubaliwa wanapata mamlaka ya kutoza kodi, kupanga matumizi ya ardhi na kuunda polisi. Mwaka 1905 John Leonis, mtu wa asili ya Kibaski (Wabaski ni watu wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa), alishirikiana na ndugu wawili wafugaji, James na Thomas Furlong, kuupatia Vernon hadhi hiyo. Leonis alikuwa ameziona njia za reli zinazopita katika mashamba yale. Alijua mwenye kiwanda angefuata reli, ardhi ya bei nafuu, na serikali ya mtaa isiyomsumbua.

Viwanda havikuja siku hiyohiyo. Miaka ya mwanzo mji uliishi kwa starehe. Sehemu kubwa ya kaunti ya Los Angeles ilikuwa imepiga marufuku pombe, Vernon ikairuhusu, na watu wakamiminika. Baa ya Jack Doyle ilitangazwa kuwa na kaunta ndefu kuliko zote duniani, na jirani yake kulikuwa na ukumbi wa ngumi uliovuta mabondia wakubwa wa enzi hiyo. Timu ya besiboli ya Vernon Tigers ilicheza katika ligi ya pwani ya Pasifiki kuanzia 1909. Marufuku ya pombe ya nchi nzima ilipoanza 1920, biashara hiyo ilikatika, na miaka michache baadaye timu nayo ikauzwa na kuhamia San Francisco.

Wakati huo nyama ilikuwa imeshaingia. Mwaka 1919 yalifunguliwa mazizi makubwa ya mifugo, na machinjio yakafuatana kando ya barabara ya Vernon Avenue hadi yakafikia 27. Baadaye vikaja viwanda vya chuma, makopo, vioo na magari. Katika miaka ya 1930 mji ulijenga mtambo wake wa kufua umeme na kuwauzia wenye viwanda kwa bei ya chini kuliko majirani. Kwa maoni yangu, uamuzi huo wa umeme ndio uliouokoa Vernon kuliko reli yenyewe, kwa sababu reli zilipita na kwingine pia, lakini bili ndogo ya umeme ilipatikana hapo tu.

Angalia sasa wakazi walivyoongezeka kisha wakapungua. Mwaka 1910 walikuwa 772. Mwaka 1930 walifika 1,269, idadi kubwa kuliko zote katika historia ya mji huu. Mwaka 1950 walikuwa 432, na 1980 walibaki 90. Mwaka 2000 walikuwa 91. Hakukuwa na njaa, vita wala tauni. Kila kipande cha ardhi kilikuwa na thamani zaidi kikiwa na ghala kuliko kikiwa na nyumba, na mpango wa matumizi ya ardhi haukuacha nafasi ya makazi mapya. Nyumba chache zilizobaki, karibu zote, ziliishia mikononi mwa mji wenyewe. Waliopangishwa kwa kodi ndogo walikuwa hasa waajiriwa wa mji na jamaa zao. Yaani serikali ilikuwa mwenye nyumba wa wapigakura wake, na mara nyingi mwajiri wao vilevile.

Hapa inafaa kusema kidogo kuhusu namna sensa inavyohesabu. Marekani humwandika mtu pale anapoishi na kulala kwa kawaida. Tanzania, katika sensa ya 2022, ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Kwa njia zote mbili, anayeingia alfajiri na kutoka jioni hahesabiwi anakofanyia kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Vernon ilikuwa na biashara zipatazo 1,800 na wafanyakazi wapatao 50,000. Hao ndio waliokuwa wakiujaza mji mchana: wachinjaji, wapakiaji, madereva, washonaji, wengi wao wakitoka Maywood, Huntington Park, Bell na Boyle Heights. Usiku takwimu ziliwarudisha makwao, na sanduku la kura likafanya vivyo hivyo.

Vernon haikuwa peke yake. Mashariki ya Los Angeles uko mji unaoitwa Industry, ulioanzishwa 1957 kwa nia ileile. Sheria ilitaka angalau wakazi 500, nao hawakutosha, kwa hiyo waanzilishi wakawahesabu na wagonjwa wa hospitali ya magonjwa ya akili iliyokuwa katika eneo hilo. Wagonjwa walitumika kuunda mji ambao haukuwa na nia ya kuwahudumia.

Turudi Vernon. Leonis alifariki 1953, na ushawishi wake ukaendelea kupitia mjukuu wake, Leonis Malburg, aliyekaa katika baraza la mji kwa zaidi ya miaka 50 na kuwa meya kwa muda mrefu. Kuanzia 1980 hadi 2006 hakuna kiti cha udiwani kilichogombewa na watu wawili. Robo karne nzima! Mwaka 2006 watu wanane wasiojulikana walihamia katika jengo moja, wakajiandikisha kupiga kura, na watatu kati yao wakachukua fomu za kugombea. Uongozi uliwaona kama wavamizi waliotumwa kuuteka mji. Umeme wao ulikatwa, jengo likatangazwa kuwa hatari, wakaondolewa, na usajili wao wa kura ukafutwa. Mahakama iliamuru uchaguzi uendelee. Kura zilipigwa Aprili lakini hazikuhesabiwa hadi Oktoba, na madiwani wa zamani wakashinda. Naamini hata kama wageni wale walikuwa na ajenda yao, hakuna serikali inayostahili kuwa na uwezo wa kumkatia umeme mshindani wake.

Desemba 2009 Malburg alitiwa hatiani kwa udanganyifu wa kura na kiapo cha uongo. Ilithibitika kwamba nyumba aliyokuwa akiishi ilikuwa Hancock Park, mtaa wa matajiri wa Los Angeles, wala si Vernon alikodai kuishi. Mwaka uliofuata ikafichuka mishahara mikubwa mno ya viongozi wa mji wa jirani wa Bell, na waandishi wa habari wakageukia Vernon, ambako mtendaji mmoja alikuwa amelipwa zaidi ya dola milioni moja na nusu kwa mwaka mmoja.

Spika wa Bunge la California wa wakati huo, John Pérez, alipeleka muswada wa kuifuta Vernon isiwe mji tena. Ulipita katika bunge la chini, ukakwama Seneti Agosti 2011. Wenye viwanda waliupinga, na vyama vya wafanyakazi pia, kwa hofu ya ajira. Ingekuwa rahisi kuwalaumu, lakini mfanyakazi wa machinjio anayelisha watoto wanne ana haki ya kuogopa umeme ukipanda bei na kiwanda kikahama. Badala ya kufutwa, mji ulikubali mageuzi: ukomo wa vipindi vya udiwani, mishahara midogo zaidi, mwangalizi huru, fedha kwa vitongoji vya jirani, na nyumba mpya ambazo wapangaji wake hawatachaguliwa na uongozi. Mwaka 2015 lilifunguliwa jengo la nyumba 45 katika mpaka wa Maywood, na wapangaji wakapatikana kwa bahati nasibu. Jengo hilo moja linaeleza sehemu kubwa ya kupanda kwa idadi kutoka 112 hadi 222.

Mwaka huohuo wa 2015 kilifungwa kiwanda cha Exide, kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi. Kazi hiyo ilikuwa ikifanyika hapo, chini ya wamiliki mbalimbali, tangu 1922. Kosa si la Vernon peke yake, maana mamlaka za jimbo zilikiacha kiwanda kiendeshwe kwa kibali cha muda kwa miongo kadhaa. Lakini upepo haukujua mipaka ya mji. Vumbi la risasi lilitua katika bustani na viwanja vya nyumba zipatazo 10,000, ndani ya kilomita 2.7 kutoka kiwandani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na anayecheza kwenye udongo na kulamba vidole huimeza bila mzazi kujua. Mwaka 2020 mahakama ya mufilisi iliiruhusu kampuni kuliacha eneo hilo, na mzigo wa kulisafisha ukaangukia fedha za umma za California. Familia zilizochimbiwa udongo na kupimwa watoto wao damu ziko Maywood, Bell, Commerce, Huntington Park, Boyle Heights na East Los Angeles. Hakuna hata mmoja wao mwenye kura ya kumchagua au kumkataa diwani wa Vernon.