Bibo linalooza chini ya mkorosho lina kazi moyoni

Msimu wa korosho ukishika kasi, kuanzia Oktoba, pita mashamba ya Tandahimba, Newala au Ruangwa uone kilichobaki chini. Korosho zimenyofolewa zinaanikwa zikisubiri mnada. Mabibo, mekundu kwa ya njano, yameachiwa nzi. Nafanya kazi ya lishe huku Mtwara, na wengi ninaokaa nao kuzungumza ni watu wa presha. Swali lao kubwa siku hizi ni vidonge vya vitamini C: eti vinasaidia moyo, vinauzwa wapi? Huwa nawauliza kwanza kama shambani wana mikorosho.

Gramu 100 za chungwa zina takribani miligramu 50 za vitamini C. Bibo kwa uzito uleule huwa na 200 hivi, wakati mwingine zaidi. Mtu mzima anahitaji kati ya miligramu 75 na 90 kwa siku, kwa hiyo bibo moja la kawaida linaweza kumtosheleza.

Mbuzi hutengeneza vitamini C mwilini mwake. Binadamu hawezi, na ziada tunayokula haikai sana, hutoka na mkojo. Ndiyo maana inatakiwa iingie kila siku. Kazi yake ya kwanza kwenye mishipa ni kujenga kolajeni, protini inayozipa kuta za mishipa uimara. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi bila matunda walivuja damu kwenye fizi, na makovu yaliyokwisha kupona yakafumuka. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, aliwapa baadhi yao machungwa na malimau, wakapata nafuu ndani ya siku chache.

Kazi ya pili ndiyo inayogusa presha moja kwa moja. Utando mwembamba uliotanda ndani ya mshipa hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, inayouambia mshipa ulegee ili damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu. Sigara, kisukari na presha ya muda mrefu huzalisha kemikali kali zinazoiharibu gesi hiyo kabla haijafanya kazi. Vitamini C huzipunguza makali. Husaidia pia kolesteroli ile mbaya isishambuliwe na oksijeni kama chuma kinavyoshika kutu, kwa sababu ikishashambuliwa ndipo inapojikusanya ukutani mwa mshipa na kuuziba.

Ukisikia hayo utaona kidonge ni njia ya mkato. Kimejaribiwa. Marekani, madaktari wanaume zaidi ya 14,000 walifuatiliwa kwa miaka kama minane, wengine wakimeza miligramu 500 za vitamini C kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 2008: vidonge havikupunguza shambulio la moyo wala kiharusi. Lakini tafiti za watu wenye vitamini C nyingi katika damu kutokana na chakula zinaonyesha kuwa huugua moyo kidogo. Naamini tofauti iko kwenye tunda zima, lenye potasiamu inayosaidia figo kutoa chumvi na nyuzinyuzi zinazopunguza kolesteroli. Tena anayekula pera saa nne hana hamu ya andazi.

Kwenye mboga tunapoteza nyingi. Vitamini C huyeyuka majini na huharibiwa na moto. Kisamvu kibichi kinayo tele, lakini lazima kitwangwe na kichemshwe sana kwa sababu ya sumu yake, na hapo karibu yote imekwenda. Kula kisamvu kwa faida zake nyingine, usikitegemee kwa hili. Mchicha na matembele yatie maji kidogo, funika, epua yakiwa bado kijani, na kamulia ndimu sahanini.

Wanaolikimbia bibo hulalamikia ukakasi kooni. Ni tanini. Kamua maji yake, changanya na uji mwepesi wa mchele uliopoa, acha yatulie, kisha chuja: tanini huganda na kuzama. Kunywa siku hiyohiyo bila sukari. Uraka nao hutoka kwenye bibo, najua, lakini pombe hupandisha presha. Na kochoko, yaani mabibo makavu, kwa kuanikwa juani, hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Msimu ukiisha yapo mapera, mapapai na ubuyu, bora ubuyu usiwe ule wa sukari na rangi.

Dawa za presha usiache hata ukila bibo kila siku. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza, maana potasiamu inaweza kumzidi. Na kama unatumia nifedipini ya presha, au simvastatini ya kolesteroli, epuka balungi: huzuia dawa hizo kuvunjwavunjwa mwilini, zikazidi kiasi kwenye damu. Chungwa la kawaida halina shida hiyo.